Kampala kwenda Nairobi, Kampala kwenda Dar es Salaam: wapi basi linatosha, wapi ndege inalipa

Wafanyabiashara wa Kikuubo, mtaa wa biashara wa Kampala, huulizana, wanafunzi wa Kikenya wanaosoma vyuo vya Kampala huulizana, na sisi tulio na ndugu pande zote za ziwa huulizana kila likizo inapokaribia: safari hii nipande ndege au basi? Majibu mengi huja na namba mbili tu, kilomita na muda wa kuwa angani. Entebbe hadi Nairobi ni kilomita kama 520, saa moja na dakika chache. Entebbe hadi Dar es Salaam ni kilomita kama 1,080, karibu saa mbili. Namba hizo ni za kweli, lakini peke yake zinapotosha, kwa sababu safari yako inaanzia mlangoni kwako Ntinda au Kawempe na inaishia mlango mwingine kule unakokwenda. Kati ya milango hiyo miwili ndege inachukua sehemu ndogo kuliko watu wanavyodhani.

Msimamo wangu nausema mapema ili usomaye ujue ninakoelekea. Kwenda Nairobi, basi la usiku linashindana na ndege kwa haki kabisa, na kwa safari nyingi za kawaida linashinda. Kwenda Dar es Salaam halishindani. Ukiweza kuipata nauli, panda ndege, tena iwe ya moja kwa moja.

| | Nairobi | Dar es Salaam |
|---|---|---|
| Mstari ulionyooka, Entebbe hadi uwanja wa kule | km 520 hivi | km 1,080 hivi |
| Barabara kutoka Kampala | km 650 hadi 680 | km 1,550 hadi 1,700, kutegemea njia |
| Muda wa ndege kwenye tiketi | saa 1 na dakika 5 hadi 20 | saa 2 kasoro dakika 10, au zaidi kidogo |
| Basi | saa 12 hadi 14 | zaidi ya saa 24, mara nyingi 30 na kitu |
| Ndege, mlango hadi mlango | saa 6 hadi 7 | saa 7 hadi 8 |
| Saa ya ukutani | haibadiliki | haibadiliki |

Mstari wa mwisho wa jedwali unasahaulika mara nyingi. Uganda, Kenya na Tanzania zinatumia saa moja, kwa hiyo muda unaoupata kwenye tiketi, saa ya kutua ukiondoa saa ya kuruka, ndio muda wenyewe. Kwenda Kigali si hivyo. Rwanda iko nyuma yetu kwa saa moja, na ndege ya huko huonekana kwenye tiketi kama imetua dakika ileile iliyoruka.

Kwa nini kilomita 520 zinachukua zaidi ya saa nzima

Ndege ndogo za jeti kama CRJ900 za Uganda Airlines, zile zenye viti 76, zikishafika juu hukimbia zaidi ya kilomita 800 kwa saa. Kwa hesabu ya shuleni, Entebbe hadi Nairobi ingekuwa dakika 40. Mbona tiketi inaandika saa moja na zaidi? Kwa sababu saa ya tiketi huanza ndege inapoondoka mahali ilipoegeshwa na huisha inapoegeshwa tena. Humo ndani kuna kutembea hadi mwanzo wa njia ya kurukia, kusubiri ruhusa, kupanda taratibu, kisha kushuka na kupanga foleni na ndege nyingine zinazoingia Jomo Kenyatta, uwanja wenye shughuli nyingi. Kwenye safari fupi namna hii, ndege inamaliza kupanda, inakimbia juu kwa muda mfupi, na rubani anatangaza kuwa wameanza kushuka.

Sasa chukua Dar. Kilomita 1,080 kwa kasi ileile ni kama dakika 80, na tiketi inaandika karibu 115. Nyongeza ni ileile ya nusu saa na kitu. Hilo ndilo jambo la kushika: dakika za kuondoka na kutua ni karibu sawa uende karibu au mbali. Ada na kodi za viwanja vya ndege, ambazo katika ukanda wetu hubeba sehemu kubwa ya bei ya tiketi, nazo hazipungui eti kwa sababu umeruka karibu. Ndiyo maana ukigawa nauli kwa kilomita, Nairobi hutoka ghali na Dar hutoka nafuu.

Uliza pia aina ya ndege. Ndege ya pangaboi ni salama na inatua vizuri, lakini haina mbio za jeti. Kwenda Nairobi hutaona tofauti kubwa. Kwenda Dar inaweza kuongeza dakika 20 au zaidi.

Saa ambazo tiketi haiziandiki

Uwanja uko Entebbe, kilomita kama 40 kutoka katikati ya Kampala, na hizo kilomita 40 zinaweza kukuchosha kuliko 520 za angani. Barabara ya zamani inakupitisha Kibuye, Zana na Kajjansi, na jioni ya siku ya kazi yenye mvua mtu anaweza kukaa humo saa mbili. Barabara ya kulipia iliyofunguliwa 2018 imeokoa wengi. Tangu Januari 2022 gari dogo linalipa shilingi 5,000, na kwa anayewahi ndege sioni matumizi bora ya shilingi 5,000 mjini humu. Lakini kumbuka kwamba ukianzia Busega, barabara hiyo inapoanzia, uko sawa. Ukianzia Ntinda au Kireka, bado una kazi ya kuifikia hiyo Busega.

Ukifika, ukaguzi wa kwanza unaanza kabla hata hujaliona jengo la abiria vizuri. Kwa safari ya nje ya nchi, fika saa mbili hadi tatu kabla, maana dirisha la kukabidhi mizigo hufungwa kama saa moja kabla ya ndege kuruka na halifunguliwi kwa machozi. Jumlisha sasa: saa moja na nusu barabarani, mbili na nusu uwanjani, moja na dakika 10 angani, dakika 45 za uhamiaji na kusubiri begi, kisha kuingia mjini Nairobi. Kule nako kuna barabara ya juu ya kulipia, iliyofunguliwa 2022 kutoka Mlolongo hadi Westlands. Ukiipanda unafika mjini upesi, ukiikwepa unakutana na foleni ya Mombasa Road. Jumla inafika saa sita au saba.

Kwa hiyo kwenye karatasi ndege inaonekana kulishinda basi mara kumi na mbili. Mlango hadi mlango inalishinda mara mbili tu.

Hali ya hewa nayo ina neno. Mvua za radi za Ziwa Victoria hupenda usiku na alfajiri, na Entebbe iko ufukweni kabisa. Nairobi, kati ya Juni na Agosti, asubuhi huamka na mawingu mazito. Nikiwa na mkutano wa saa nne asubuhi Nairobi, sichukui ndege ya alfajiri ya siku hiyohiyo. Nachukua ya jioni iliyotangulia, au nalala njiani kwenye basi.

Basi la Nairobi, usiku mmoja

Mabasi mengi ya Nairobi hutoka Kampala kuanzia alasiri hadi usiku na kufika asubuhi. Nguvu yote ya basi imo humo: linatumia saa ambazo ungelala.

Saa mbili za kwanza ndizo za kuvumilia, Mukono hasa, malori na teksi zikigombania upande mmoja wa barabara. Halafu Namawojjolo, kabla ya Lugazi, pale ambapo abiria wazoefu wamekwisha kufungua dirisha mapema. Basi likipunguza mwendo tu, vijiti vya kuku vinakuja juu kama msitu, nyuma yake maini, ndizi za gonja zilizochomwa zikaiva njano, chapati ndani ya karatasi, maji baridi. Bei inatajwa mara moja, hela inashuka, chakula kinapanda, na mchuuzi anakimbia pembeni ya basi akikurudishia chenji mpaka dakika ya mwisho. Kula hapo, maana kinachofuata ni mpakani, na mpakani usiku wa manane si mahali pa kutafuta chakula kwa utulivu.

Unapita msitu wa Mabira, halafu Jinja na daraja jipya la Mto Nile lililofunguliwa Oktoba 2018, mita 525 za nyaya na taa. Baada ya Iganga na Bugiri njia zinagawanyika: Busia, kama kilomita 200 kutoka Kampala, au Malaba kupitia Tororo. Uliza unapokata tiketi, maana njia hizo haziungani tena mpaka mbele sana. Ya Busia hupita Kisumu na Kericho; ya Malaba hupita Bungoma na Eldoret.

Mpakani siku hizi pamepungua usumbufu. Busia ina kituo cha pamoja, kilichozinduliwa Februari 2018 na Rais Museveni na Rais Uhuru Kenyatta: unagongewa muhuri wa kutoka na wa kuingia ndani ya jengo moja, upande wa nchi unayoingia. Utingo anapita kati ya viti akiamsha watu, "Mama, shuka na kitambulisho, mfuko wa mkononi usiuache," na foleni inasogea. Kama basi tatu zimefika pamoja, hesabu saa nzima. Wabadilisha fedha watakuzunguka. Badilisha kiasi cha chai na bodaboda tu, hesabu noti mwenyewe chini ya taa, kisha rudi kwenye basi lako. Namba ya basi iandike kwenye simu. Usiku, basi zote za kampuni moja zinafanana.

Kinachowashinda wageni wa njia hii ni baridi. Anayetoka Kampala na shati jepesi anaumia Timboroa, ambako barabara ya Eldoret inapanda zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, karibu kabisa na mstari wa ikweta. Beba sweta na shuka, na uviweke karibu nawe. Vikiwa kwenye buti la basi ni sawa na kuviacha nyumbani.

Usalama lazima niuseme wazi, kwa sababu ni uhai wa watu. Barabara kati ya Eldoret na Nakuru, hasa mteremko wa Sachangwan na eneo la Salgaa, imeua watu wengi kwa miaka mingi, na kisa kikubwa ni malori mazito yanayoshindwa breki kwenye mteremko mrefu. Kuitenganisha njia ya kupanda na ya kushuka kumesaidia, lakini usiku unabaki kuwa usiku. Chagua kampuni yenye madereva wawili kwa safari nzima. Liulize hilo dirishani kabla ya kulipa, na wakikujibu kwa kusitasita, nenda dirisha la jirani. Funga mkanda. Na kama mwenzako ni mjamzito aliyekaribia, au mzee mwenye mgongo mbovu, au mgonjwa anayekwenda kutibiwa, tofauti ya nauli isikushughulishe: huyo ni abiria wa ndege.

Dar: hapa umbali unaanza kuuma

Kwenda Dar kwa barabara kuna njia mbili kuu. Ya kwanza ni kupitia Nairobi, Namanga na Arusha, kama kilomita 1,560, yenye mipaka miwili. Ya pili ni kupitia Masaka na Mutukula, ambako nako kuna kituo cha pamoja tangu 2017, halafu Kyaka, Bukoba, Biharamulo, Kahama, Nzega, Singida, Dodoma na Morogoro. Hii ni ndefu zaidi kidogo, lakini mpaka ni mmoja.

Njia yoyote utakayochukua, basi linakula zaidi ya siku nzima. Usiku mmoja kwenye kiti mtu anauweza. Usiku mmoja, mchana mzima wa jua la Singida na Dodoma, na labda nusu ya usiku wa pili, ni habari nyingine; miguu inavimba, mtoto anachoka kulia, na ukifika unahitaji siku ya kupumzika kabla ya kufanya lililokupeleka. Hata ukifika bado hujafika: stendi ya Magufuli iko Mbezi Luis, pembeni kabisa mwa jiji, na Morogoro Road bado inakungoja. Kwa anayepita Mutukula kuna ahueni moja mpya. Tangu treni ya SGR, yaani reli ya kisasa, ya Tanzania izinduliwe rasmi Agosti 2024, unaweza kushuka Dodoma na kumalizia kwa treni ya umeme, kama saa nne hadi Dar, ukiwa umenyoosha miguu. Kama huna budi kwenda kwa barabara, ningefanya hivyo.

Kwa ndege ya moja kwa moja, hesabu inabadilika kabisa. Saa zile za Entebbe ni zilezile, angani unaongeza dakika 45 tu kuliko Nairobi, na kutoka uwanja wa Julius Nyerere hadi katikati ya jiji ni kama kilomita 12. Daraja la Mfugale pale Tazara limepunguza foleni iliyokuwa ikiwakatisha watu tamaa. Ukitoka Kampala baada ya chai ya asubuhi, jioni unakula pweza Dar. Na ukiuvuta mstari ulionyooka kwenye ramani, unapita juu ya Serengeti na kugusa Ngorongoro. Ndege haifuati mstari kwa ukamilifu, lakini omba kiti cha dirishani upande wa kushoto, maana siku ya anga safi Kilimanjaro iko upande huo.

Angalia neno "moja kwa moja" kwa makini. Safari nyingine za Entebbe na Dar hutua Kilimanjaro kwanza, na nyingine zinakubadilishia ndege Nairobi. Kwa kilomita, kupitia Nairobi hakukuzungushi sana: 520 na nyingine 670 ni 1,190, nyongeza ya sehemu moja ya kumi tu. Kwa muda, unaweza kuwa umezidisha mara tatu, kwa sababu ya kusubiri. Nimeona watu wakifurahia tiketi iliyopungua dola 40 kisha wakakaa saa saba kwenye viti vya chuma. Kama lazima uunganishe, kusubiri kwa saa mbili ni kuzuri. Chini ya saa moja na nusu ni bahati nasibu. Na tiketi zote mbili ziwe kwenye karatasi moja. Ukizinunua kando kando, ya kwanza ikichelewa, ya pili imekwenda na hakuna wa kumdai.

Safari za Dar zina upungufu mmoja mkubwa: si nyingi kama za Nairobi. Nairobi ina ndege kadhaa kwa siku, asubuhi, mchana na jioni, hivyo ukikosa hii kuna ile. Kwa Dar panga siku ya safari kufuata ratiba ya ndege, usipange kinyume chake.

Bei ya saa moja

Nauli hubadilika kila wiki, kwa hiyo sitakupa namba itakayokufa kesho. Nakupa njia ya kupima. Chukua nauli ya ndege, toa ya basi, kisha gawa kwa saa unazookoa mlango hadi mlango. Utakachopata ni bei unayolipa kwa kila saa ya maisha yako.

Tuseme tofauti ni dola 100 kwa njia zote mbili. Kwenda Nairobi unaokoa saa sita au saba, kwa hiyo unalipa kama dola 15 kwa saa, na nyingi ya saa hizo zingekuwa za usingizi. Kwenda Dar unaokoa saa 24, unalipa kama dola 4, tena ni saa za mchana, za kazi. Hata kama tofauti ya Dar ingekuwa dola 200, bado saa yako ingekuja chini ya dola 9. Jiulize sasa: siku moja dukani kwako inaingiza kiasi gani? Mwenye duka la nguo lenye wateja wake, akifunga siku mbili kwenda Kariakoo na siku mbili kurudi, amelipa nauli ya ndege bila kupanda ndege. Mwanafunzi aliye likizoni hana hasara hiyo. Kwake basi ni akili tupu.

Kwenye upande wa basi ongeza chakula cha njiani, choo cha kulipia, na kama unafika Nairobi alfajiri, mahali pa kusubiri. Hoteli nyingi hazikupi chumba saa kumi na mbili asubuhi, na kuzurura River Road na begi wakati huo sikushauri hata kidogo. Kaa ndani ya ofisi ya basi mpaka kupambazuke na mji ujae. Kwenye upande wa ndege ongeza gari la Entebbe, mzigo wa ziada, na teksi ya kule.

Mzigo ndio mwamuzi

Ndege kwa kawaida inakupa kilo 23 chini na begi dogo mkononi. Zaidi ya hapo unalipa kwa kilo, na kilo za ndege zinauma. Basi linabeba gunia la matoke ya shangazi, nanasi, jiko, na marobota ya nguo ya soko la Gikomba, ukielewana na utingo kabla ya safari. Elewana kabla, kisha dai risiti ya mzigo. Ukielewana njiani umeshapoteza nguvu ya kujadiliana.

Kwa wafanyabiashara wanaonunua mali Eastleigh na Gikomba kule Nairobi, njia ninayoiamini ni hii: nenda na ndege, rudi na basi. Unapokwenda mikono mitupu unahitaji wepesi, ufike na akili safi, uchague mali mchana, usidanganywe kwa uchovu. Unaporudi una mzigo na hakuna mteja anayekungoja usiku huo. Tazama tu bei kwanza, kwa sababu tiketi ya kwenda pekee si lazima iwe nusu ya kwenda na kurudi. Mara nyingine zinakaribiana mno na mpango wote unaharibika. Mwenye mali ndogo isiyozidi dola 2,000, iliyotengenezwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, aulize mpakani utaratibu rahisi wa cheti cha asili ya bidhaa.

Kwa Kariakoo mpango huo hauendi vizuri, kwa sababu kurudi na mzigo kwa siku moja na nusu ni mateso. Wengi hukabidhi mzigo kwa wasafirishaji na wenyewe wakarudi kwa ndege, na naona wana haki.

Si kila safari ya Kenya inaishia Nairobi

Hapa ndipo watu hupoteza hela bure. Unayekwenda Kisumu, Bungoma au Eldoret, ndege ya Nairobi inakupitisha juu ya kwenu, kisha unalipa tena kurudi magharibi. Basi linakushusha njiani. Anayekwenda Bukoba vilevile: ni kama kilomita 300 kutoka Kampala kwa Mutukula, na kuruka hadi Dar ili urudi huko hakuna maana yoyote.

Na msiba. Tuseme simu imekupata saa tisa alasiri, mazishi ni kesho saa nane mchana. Akili ya haraka inasema ndege. Lakini kama ndege ya jioni imejaa na inayofuata ni kesho saa tano, basi la saa kumi na mbili jioni litakufikisha Nairobi saa mbili asubuhi, kabla ndege hiyo haijaruka Entebbe. Piga simu mbili, ya ndege na ya basi, ulinganishe saa ya kufika. Kasi haina kazi kama chombo hakiondoki.

Karatasi

Raia wa Uganda anaingia Kenya kwa kitambulisho cha taifa tangu 2014. Tanzania beba pasipoti. Kadi ya homa ya manjano beba kwa nchi zote mbili, na usikubali kuambiwa imeisha muda: tangu 2016 chanjo hiyo inahesabiwa ya maisha. Tiketi zinaandika saa za kizungu. 08:00 ni saa mbili asubuhi na 20:00 ni saa mbili usiku, na kila likizo kuna anayekuja uwanjani ndege yake imekwisha kuondoka.

Tarehe za kujihadhari

Mwisho wa Mei, mahujaji wanaokwenda Namugongo kwa Mashahidi wa Uganda wanaingia kutoka Kenya na Tanzania, na baada ya 3 Juni wote wanarudi kwa mkupuo. Basi za kutoka Kampala zinajaa upande mmoja na zinarudi na nafasi upande wa pili. Desemba, kuanzia shule zinapofunga, nauli ya basi inapanda karibu na ile ya chini ya ndege iliyokatwa mapema, na foleni ya Busia inarefuka mpaka barabarani. Kwa Desemba, hesabu yangu ya Nairobi inageuka: ukikata ndege kuanzia Septemba au Oktoba, ndege ndiyo nafuu ukijumlisha na usingizi. Usipowahi, kata basi la katikati ya wiki, na tiketi ya kurudi ichukue siku ileile unayochukua ya kwenda.